Mkonge wa Pwani Katika Ua wa Mpangaji

Watu wengi hudhani kwamba bustani ni jambo la mwenye shamba, au la tajiri mwenye nyumba yake huko Karen na Muthaiga, wala halimpasi mtu akaaye katika nyumba ya kupanga. Sisi wakazi wa mitaa ya Eastlands, toka Kaloleni na Makongeni hata Jericho, Umoja na Kayole, tumezoea kuambiwa hivyo, na wengine wetu tumekwisha kusadiki. Husema, "Ardhi si yangu, nyumba si yangu, na maji ni ya shida, nipande nini?" Swali hilo si la kipuuzi. Nami nataka kulijibu kwa kadiri ya yale niliyoyaona katika ua wetu, maana jawabu lipo, tena limekuwapo katika nchi yetu tangu zamani.

Kwanza nieleze habari ya maji, kwa sababu asiyeijua hawezi kuufahamu ugomvi wetu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, katika nchi ya Murang'a. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994, na likijaa huwa na mita za ujazo milioni 70. Mvua zilipopungua mwishoni mwa 2016, maji ya bwawa yalishuka sana, na toka Januari 2017 mji ukawekwa katika mgawo. Tangu hapo mkazi wa Eastlands amejifunza kulihesabu juma kwa siku za mfereji kuliko kwa siku za kazi. Siku ya maji, mitungi ya lita 20 hupangwa mstari tangu alfajiri, na watoto huchelewa shule kwa kungoja zamu. Siku nyingine hapana budi kununua kwa wenye mikokoteni, na bei yao hupanda kadiri jua linavyozidi.

Ua wetu una nyumba nane na mfereji mmoja. Katika nyumba ya tatu akaa mama mmoja mjane, mtu mpole na mwenye heshima, ambaye marehemu mume wake alimpandia miti mitatu ya waridi mbele ya mlango. Kila jioni mama huyo alikuwa akimwaga ndoo moja ya maji katika mashina yale, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia neno. Lakini ikaja ile kiangazi ndefu. Wasomaji wanakumbuka kwamba toka mwishoni mwa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo kuleta mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya nchi yetu, na mifugo mingi mno ikafa. Sisi wa mjini hatukupoteza ng'ombe, lakini tuliuonja ukame katika mfereji.

Jioni moja ya mwaka 2022 kijana mmoja wa ua wetu, baba wa mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha, alirudi kazini akakuta mitungi yake mitupu na mfereji umekauka. Akatazama chini ya waridi, akaona udongo umelowa. Maneno aliyoyasema siwezi kuyaandika hapa. Mama naye alijibu, na wengine wakaingilia kati, hata ikawa lazima kuitisha kikao cha ua wote.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada. Madhali mimi ni karani wa Serikali, watu hunipa kalamu kila pahali, hata mahali nisipotaka. Nikawa mwandishi wa kikao. Ikakatwa shauri kwamba maji ya mfereji yasimwagwe tena juu ya maua mpaka mvua inyeshe. Mama mjane akakubali pasipo kubisha. Ila kabla hajaketi akauliza, "Wazee, nimekubali, na mtoto yule ni wangu pia. Lakini niambieni: mtu wa kupanga hana ruhusa ya kuwa na kitu kizuri mbele ya mlango wake?"

Hakuna aliyemjibu. Katika daftari niliandika azimio. Swali sikuliandika, maana maswali hayahesabiwi katika maazimio. Lakini nilikwenda nalo nyumbani. Katika muda wa mwezi mmoja miti miwili ya waridi ilikuwa imekauka, na kila nilipopita nilikuwa nikitazama upande mwingine.

Wakati huo katika ofisi yetu alikuwako mzee mmoja, mzaliwa wa Kilifi, ambaye sasa amestaafu na kurudi kwao. Nilimsimulia habari ile saa ya chai. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ninyi watu wa Nairobi mwapanda mimea ya nchi za mvua katika mji usio na maji, halafu mwagombana. Kwetu uko mkonge. Huota juu ya mawe ya matumbawe, mahali ambapo hata jembe halishuki. Nikienda likizo nitakuletea."

Nikamwambia, "Mzee, mkonge wa kutengenezea kamba? Nitauweka wapi mmea mkubwa namna ile?"

Akacheka. "Huo uujuao ni mgeni. Mimi nasema mkonge mwenyewe."

Aliporudi aliniletea vipande vitatu vya shina la chini, kila kimoja na majani yake, vilivyofungwa katika gazeti. Alikuwa amevichimbua katika mpaka wa kiwanja chake mwenyewe. Vilikuwa vimekaa ndani ya mkoba siku tisa, katika basi na chini ya kitanda, wala havikunyauka hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mmea huu, nikatafuta kujua habari zake.

Yafaa niueleze, maana wako wasomaji ambao wamewahi kuuona mara mia pasipo kuujua. Mkonge huu hauna shina lisimamalo. Majani yake, mazito na manene kama ngozi, hutoka moja kwa moja ardhini kutoka katika mzizi mnene utambaao chini. Katika aina niliyopewa majani ni mapana, yana madoadoa ya kijani hafifu, na ukingo wake huenda kwa mawimbi, nao una mstari mwembamba mwekundu. Wataalamu huuita Sansevieria, na aina hii hasa huitwa kirkii, kwa kumkumbuka John Kirk, aliyekuwa Balozi wa Uingereza huko Unguja katika miaka ya 1870 na 1880, mtu aliyependa sana kukusanya mimea. Katika miaka ya karibuni wataalamu wameichunguza upya nasaba yake, wakaiingiza katika jamii ya mimea iitwayo Dracaena. Lakini wapanda maua wengi wangali wakilitumia jina la zamani. Aina zake zote hufika kama 70, na nyingi sana ni za Afrika. Kenya na Tanzania zimejaliwa aina nyingi kuliko nchi nyingi nyingine.

Sasa habari ya jina. Leo mtu akisema "mkonge," sote twafikiri mashamba makubwa ya Vipingo, ya Mwatate, au ya Tanga. Lakini mmea ule wa mashambani si wenyeji wa kwetu. Asili yake ni Yucatán, katika nchi ya Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg ikielekea nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika ikiwa hai ni miche 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani, na katika hiyo 62 yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanganyika, na baadaye mkonge ukaenea Kenya pia.

Basi watu wa Pwani walipouona mmea huo mgeni, wenye majani ya nyuzi kama wao walivyozoea, waliuita kwa jina la mmea waliokuwa nao. Kwa kuwa jina "mkonge" lilikuwapo kabla yake: kamusi za zamani za Kiswahili zaeleza neno hilo kuwa ni Sansevieria, mmea wa nyuzi wa porini. Wazee walizitoa nyuzi zake kwa kuyaponda majani na kuyaparuza kwa kisu butu, wakasokota kamba, mitego, na nyuzi za pinde. Mgeni alipokuja na mashine zake na fedha zake alitwaa jina pia, na mwenyeji akaambiwa kuwa yeye ni "mkonge wa porini." Wahenga walituonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Sina ugomvi na mkonge wa mashambani, maana umewasomesha watoto wengi, nasema tu kwamba mwenye jina yupo, naye astahili kujulikana.

Tena mmea huu umeandikwa katika ardhi yetu kuliko tunavyodhani. Hapa hapa Eastlands tuna mtaa wa Makongeni, na kila apandaye gari la Jogoo Road hulitaja konge pasipo kufikiri. Huko Tanzania liko lile bonde mashuhuri ambamo mifupa ya watu wa kale mno imechimbuliwa. Mgeni wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika huko mwaka 1911, na jina likaandikwa Olduvai kwa kusikiwa vibaya. Wamasai husema Oldupai, nalo ni jina lao la mkonge wa porini, uliojaa katika bonde lile. Kwa hiyo mahali palipoipa dunia nzima habari ya binadamu wa kwanza paliitwa kwa jina la mmea ambao mtu wa Nairobi huutupa pamoja na takataka.

Msomaji ataniuliza, mmea huu huishije pasipo maji? Siri yake ni mbili. Ya kwanza ni jani lenyewe, ambalo ni ghala: ndani yake maji huwekwa kama sisi tuwekavyo katika mitungi. Ya pili ni desturi yake ya kupumua. Mimea mingi hufungua matundu madogo ya majani mchana ili kuvuta hewa, na jua likiwa kali maji hutoka kwa matundu hayo hayo yakapotea. Mkonge huyafunga mchana, ukayafungua usiku wakati wa baridi. Huvuta hewa usiku ukaiweka akiba, kisha huitumia mchana jua liwakapo. Ndovu wa Tsavo wanajua jambo hili kuliko sisi. Wakati wa ukame huyatafuna majani ya mikonge ya porini kwa ajili ya maji yaliyomo, kisha huzitema nyuzi chini kama mtu atemaye kambi za muwa.

Nilipopanda vile vipande vitatu nilijifunza mambo ya kupanda katika Eastlands, na haya nayaandika kwa faida ya wale watakaojaribu.

Jambo la kwanza ni udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi una udongo mwekundu upitishao maji, lakini huku kwetu mashariki sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono. Wakati wa mvua hushika maji kama karai. Mkonge hauogopi kiangazi, bali huliogopa karai hilo, kwani mizizi yake huoza upesi ikikaa majini. Kwa hiyo usiupande moja kwa moja katika udongo mweusi. Twaa kopo la rangi lililotupwa, lioshe, ulitoboe matundu matano au sita chini. Tia kokoto kiasi cha vidole vitatu. Kisha changanya mchanga sehemu mbili, udongo sehemu moja, na mboji kidogo, ujaze kopo. Mtu mwenye nafasi mbele ya mlango na ajenge tuta la mawe na mchanga lililoinuka, apande juu yake.

Jambo la pili ni namna ya kuzidisha. Njia ya upesi ni kukata ule mzizi mtambazi kwa kisu kikali, kila kipande kikiwa na chipukizi lake, na kuviacha vidonda vikauke kivulini siku tatu au nne kabla ya kupanda. Njia nyingine ni kukata jani vipande vya urefu wa kidole, kuvikausha vivyo hivyo, na kuvichomeka katika mchanga. Lakini angalia usigeuze juu kuwa chini, kwa maana kipande kilichogeuzwa hakitoi mizizi. Njia hii yataka saburi ya miezi kadhaa. Mtu asiyeweza kungoja na aombe chipukizi.

Jambo la tatu ni maji. Mimi hutia kikombe kimoja cha chai katika kila kopo mara moja kwa majuma matatu, na mvua ikinyesha sitii kitu. Tokea Juni hata Agosti, wakati baridi ya Nairobi inapowashika hata wazaliwa wake, mmea huu wa Pwani husimama tu pasipo kukua. Usidhani ni njaa ukaumwagia maji, utauua. Niruhusuni nifanye hesabu ya kikarani. Makopo yangu ni sita. Vikombe sita kwa majuma matatu ni kama lita moja na nusu. Waridi tatu za jirani yangu zilikuwa zikipata ndoo ya lita 10 kila jioni, yaani lita 210 katika muda ule ule, ambazo ni zaidi ya mitungi kumi. Siandiki haya ili kumshutumu mama yule. Nataka watu waone kwamba ugomvi wetu haukuwa juu ya uzuri hata kidogo. Ulikuwa juu ya lita 210.

Mvua kubwa za Aprili 2024 zilinionyesha upande wa pili. Wasomaji wanajua jinsi mito ya Nairobi ilivyofurika mwezi ule, watu wakafa na wengi wakapoteza nyumba huko Mathare na Mukuru. Katika ua wetu maji yalifika vizingitini. Makopo niliyoyainua juu ya matofali yalipona. Moja lililokuwa chini lilikaa majini siku nne, na majani yake yakalainika na kunuka. Kwa hiyo yeyote atakayepanda aukumbuke upande huo pia: mkonge huvumilia kukosa, lakini hauvumilii kuzidishiwa.

Yako na maonyo mengine. Jani la mmea huu lina utomvu udhuruo tumbo. Mtoto asitafune, wala mbwa na paka wasiachwe waucheze. Wako watu wanaodondosha maji ya jani sikioni kwa kutibu maumivu, na desturi hiyo ni ya siku nyingi katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mimi si mganga, na shauri langu ni kwamba mwenye maumivu ya sikio aende zahanati. Aina nyingine za mkonge wa porini, hasa ile ya nchi kavu za bara, zina ncha kali kama msumari. Hizo usizipande mahali watoto wachezapo. Na majirani wakikuambia kwamba mmea huu huita nyoka, uwaambie kwamba Wazungu waliuita mmea wa nyoka kwa sababu ya madoa ya majani yake tu.

Kadhalika tujihadhari na maneno ya biashara. Katika vitalu vya kandokando ya barabara utaonyeshwa ndugu yake mwenye majani marefu yaliyosimama, wenye ukingo wa manjano. Huyo asili yake ni Afrika ya Magharibi, naye pia ni mvumilivu. Lakini muuzaji atakuambia kwamba husafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yalitokana na majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1989, ambayo yalifanywa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa. Mwaka 2019 wachunguzi wengine wa Marekani waliyapitia majaribio mengi ya namna hiyo, wakaona kwamba katika nyumba ya kawaida mtu angehitaji mimea kumi au zaidi kwa kila mita moja ya mraba kabla hajapata faida inayoshinda kufungua dirisha. Basi nunua mmea kwa kuwa waupenda, na hewa uipate dirishani.

Kijana mmoja wa ua wetu, yule yule aliyekasirika siku ile, aliniuliza, "Mzee wa ofisi, mmea huu waliwa?" Nikamjibu kwamba hauliwi. Akasema, "Basi kwa nini usipande sukuma wiki?" Swali lake ni jema, nami sitaki kulikimbia. Sukuma wiki yafaa, na mwenye maji na aipande. Lakini katika ua wetu tumekwisha kupanga daraja: maji ya kwanza ni ya watu, ya pili ni ya chakula, na ya mwisho ni ya maua. Maji yaliyooshewa mchele na mboga huenda kwenye sukuma. Baada ya hapo halibaki kitu, ila vikombe vichache. Mmea wa kusimama mwisho wa mstari huo na bado ukawa kijani, mimi naujua mmoja.

Mwezi wa Novemba 2024 mkonge wangu mkubwa ulitoa kikonyo kimoja kutoka ardhini, na juu yake fundo la maua meupe, marefu na membamba. Mchana yalikuwa yamefumba, wala hayakupendeza sana. Usiku yalifunguka, na harufu yake ikaenea ua mzima, tamu kama asmini. Watu walitoka nje wakiuliza ni nini. Mama mjane alikuja na taa ya simu yake, akainama, akakaa pale kwa muda. Kisha akaniuliza kama naweza kumpa kipande. Nilimpa viwili, akavipanda katika karai lililotoboka, kando ya ule mti mmoja wa waridi uliosalia. Waridi ule bado yupo, naye hunywa maji ya mchele. Hatukulizungumza tena lile swali la kikao. Lakini nadhani lilipata jawabu kiasi, nalo ni kwamba ruhusa ya kuwa na kitu kizuri mpangaji anayo, ilimradi uzuri wake usitoke katika mtungi wa jirani.

Liko jambo moja zaidi, ambalo kwa sisi wa Eastlands ni zito. Mitaa kadhaa ya zamani, iliyojengwa na Halmashauri ya Jiji na Reli tangu enzi za ukoloni, imewekwa katika mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa. Wengine wamekwisha kuhama, na wengine wanangoja barua. Mimi sina ubishi na nyumba mpya, maana nyumba hizi za zamani zimechoka na watu wameongezeka. Lakini mpangaji hupanda mti akijua kwamba huenda asile tunda lake, na jambo hilo humkatisha tamaa. Waridi wa miaka ishirini hahamishwi kwa mkokoteni. Mkonge wahamishwa. Wang'oa, waukung'uta mchanga, waufunga katika gazeti, na ukikaa njiani majuma mawili hautalalamika. Katika ghorofa ya saba utakaa dirishani vile vile ulivyokaa juu ya tofali.

Kwa wakulima wa Pwani, wa Ukambani na wa Taita nina ombi moja. Mnayo mikonge hii mipakani mwenu na katika vichaka vyenu. Msiiteketeze yote kwa kudhani ni magugu. Mizizi yake hushika udongo wa mteremko, na ukingo wake hauhitaji kunyweshwa. Wala msiwaruhusu wachuuzi kuja na malori kung'oa porini. Mwenye kutaka apewe chipukizi kutoka katika kiwanja cha mtu, maana mmea mmoja ukitunzwa hutoa mingi katika miaka michache, na hakuna haja ya kuliacha pori tupu ili kujaza makopo ya mjini.

Na kwa makarani wenzangu: wakati mzuri wa kupanda ni mara baada ya baridi ya Agosti, ili mizizi ishike kabla ya mvua za Oktoba. Tafuta kopo, litoboe, tia kokoto. Kama huna chipukizi, muulize mtu wa ofisini kwenu atokaye Pwani. Pengine anao kwao, wala hajui kwamba wewe wautafuta. Ukiisha kupata na kuzidisha, mpe aliye karibu nawe mlango kwa mlango. Mimi nimekwisha kugawa vipande kumi na kimoja, na makopo yangu bado ni sita.